Matundu Kumi na Manane, Maiki Nane

Miksa yangu ya kwanza ilikuwa na chaneli 12, vitufe vya kila rangi, na nyuma yake tundu la USB. Nilipoinunua niliona kazi imekwisha: maiki zitaingia mbele, kompyuta itapokea nyuma, kila mtu na traki yake, yaani mstari wake wa sauti. Tukakusanyika watano, dramu, besi, gitaa, kinanda na mwimbaji, tukarudia wimbo mmoja mara nne mpaka ukakaa. Watu wakaaga wakaenda zao. Usiku nikafungua programu ya kurekodi nianze kupanga sauti, nikakuta traki mbili. Ya kushoto na ya kulia. Nikapandisha ukurasa, nikaushusha, nikidhani nyingine zimejificha mahali. Hazikuwepo.

Miksa ile ilikuwa ikichanganya kila kitu tumboni mwake na kuipelekea kompyuta mchanganyiko uliokwisha kufungwa. Mwimbaji alikuwa amezama chini ya matoazi na hapakuwa na kamba ya kumvutia juu. Ukiongeza sauti yake, na matoazi nayo yanapanda. Boksi lilisema "chaneli 12", likasema "USB", na halikudanganya hata neno moja. Ni mimi niliyeyaoza maneno mawili ambayo hayakuwahi hata kuonana. Zipo miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake kwenye kompyuta, ila hizo hulitaja jambo hilo kwa herufi kubwa, maana ndilo linalowauzia. Usipoliona limeandikwa, chukulia ni mbili tu.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue intafesi gani, yaani boksi linalopokea maiki na kuzipeleka kwenye kompyuta, wamesimama pale pale nilipokuwa nimesimama. (Kwenye tafsiri za programu za kompyuta utakuta neno kiolesura, nalo ni neno zuri, ila mwenye kebo mkononi husema intafesi, nami nitasema hivyo.) Wao huanza na jina la kampuni. Mimi nawarudisha nyuma kidogo: ni vitu vingapi vitakavyolia kwa pamoja, na ambavyo baadaye utataka kukishika kila kimoja peke yake?

Uzito wote uko kwenye "kwa pamoja". Mtu anayejenga wimbo akiwa peke yake, leo besi, kesho gitaa, keshokutwa sauti, anaweza kujaza traki 40 kwa intafesi yenye matundu mawili na asipungukiwe na kitu. Nimewaona watu kama hao wakinunua mashine ya chaneli nane, na miaka miwili baadaye tundu la tatu mpaka la nane bado yana vumbi la kiwandani. Huyo angeweka fedha yake kwenye maiki moja nzuri, au kwenye mapazia mazito ya chumba chake.

Dramu ndiyo inayobadilisha hesabu. Dramu huwezi kuirekodi kwa vipande. Maiki moja kwenye dramu ya mguu, moja kwenye sneya, moja kwa kila tomu, tuseme mbili, moja kwenye haihati, na mbili juu kwa ajili ya matoazi na chumba: hizo ni saba. Mpiga besi bado amesimama na kebo mkononi. Akichomeka, zimetimia nane, na mwimbaji hana pa kuingia hata kwa ile sauti ya kuwaongoza wenzake. Unaweza kubana. Glyn Johns, mhandisi wa sauti Mwingereza aliyewarekodi Led Zeppelin na The Who, ana njia inayobeba jina lake hadi leo: maiki mbili zilizopimwa zikae umbali ule ule kutoka kwenye sneya, moja ya dramu ya mguu, na ukipenda moja ya kuikaribia sneya. Nne, dramu nzima. Nimeijaribu mara nyingi, na inafanya kazi vizuri kuliko maiki nane zilizotupwa ovyo, kwa sharti kwamba mpigaji mwenyewe anajua kuipima mikono yake. Asipojua, huna tundu la kumsaidia.

Sasa tuje kwenye namba zilizoandikwa kwenye boksi, maana hapo ndipo watu wanapotekwa. Chukua intafesi ya Focusrite Scarlett 18i20, ambayo jina lake ni hesabu: 18 zinaingia, 20 zinatoka. Anayeisoma kwa haraka anaona maiki 18. Ukweli ni kwamba maiki ni nane. Mbili nyingine ni tundu la S/PDIF, la kidijitali, na nane zilizobaki zinaingia kwa mwanga kupitia tundu dogo la ADAT. Nane, na mbili, na nane. Kampuni nyingine nazo huhesabu vivyo hivyo, kwa hiyo sioni kama kuna mtu anayemwibia mwenzake. Ni lugha yao. Lakini mnunuzi anapaswa kusoma orodha ya matundu moja moja na kujiuliza: hili, nikiwa na maiki mkononi, linaingia?

Tundu hilo la ADAT lina asili ya kuchekesha. Mwaka 1991 kampuni ya Alesis ilionyesha mashine iliyorekodi traki nane za kidijitali kwenye kaseti za video za S-VHS. Ili mashine mbili zipelekeane traki nane kwa kebo moja, wakatumia kebo nyembamba ya nuru. Mashine zenyewe zimebaki makabatini na kwenye makumbusho ya watu wenye mapenzi nazo, ila lugha ya kebo ile ilisalia, na leo karibu kila intafesi kubwa bado inaizungumza. Maana yake kwako ni hii: ukinunua intafesi ya maiki nane yenye ADAT, siku ukizidiwa hununui mashine nyingine nzima. Unanunua boksi la priampu nane, vikuzaji vya maiki, lenye tundu la kutolea ADAT, unapitisha kebo moja ya nuru, na kompyuta inaona chaneli 16. Ila angalia: nane hizo ni kwa kilohezi 44.1 au 48, yaani sauti ikipimwa mara elfu 44.1 au elfu 48 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Ukipandisha hadi 96 zinakuwa nne, na kwa 192 zinabaki mbili, kwa kuwa bomba ni lile lile na maji yameongezeka.

Nikiwa hapo hapo niseme kuhusu kilohezi, na sitakaa sana. Rekodi kwa biti 24 (ukubwa wa namba inayobeba kila sampuli) na kilohezi 48, ulale usingizi wako. Biti 24 zinakupa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini, mpigaji akipandwa na mori asikupasulie traki. Kwa kipimo hicho chaneli moja inakula megabaiti 8.64 kwa dakika. Nane zinakula gigabaiti 4 na ushee kwa saa moja. Ukipandisha hadi 96, zidisha kwa mbili, na ukimpata mtu atakayezitofautisha akiwa amefumba macho, mpe mkono.

Kuhusu priampu, yaani kile kikuzaji kinachonyanyua mnong'ono wa maiki hadi kiwango cha kufaa kazi, maneno ni mengi na tofauti ni ndogo. Mashine za bei ya chini za siku hizi huandika kelele yao kuwa karibu dBu -128; dBu ni kipimo cha kiwango cha umeme wa sauti, na namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi. Fizikia yenyewe, kwa mtikisiko wa joto tu ndani ya ukinzani wa omu 150, inaweka sakafu karibu na -131. Hakuna fedha itakayokupitisha chini ya hapo. Kitu cha kuangalia ni geini, yaani priampu inakuza kwa kiasi gani, si sifa. Shure SM7B, maiki inayopendwa na watangazaji, ina sauti ndogo mno, na Shure wenyewe wanashauri geini isiyopungua desibeli 60. Ukiwa na intafesi inayoishia 50 utazungusha kitufe hadi mwisho na bado mwimbaji atasikika kama yuko chumba cha pili. Kwa dramu huna shida hiyo. Dramu inapiga kelele yenyewe, na huko utahitaji kitufe cha kupunguza.

Volti 48 nazo zina historia ninayoipenda. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa ikilipatia shirika la utangazaji la Norwei, NRK, maiki mpya za transista. NRK walitaka umeme wa maiki upite kwenye kebo ile ile ya sauti, pasiwe na boksi la pembeni. Studio zao tayari zilikuwa na volti 48 za taa za dharura, zikachukuliwa hizo hizo. Ndiyo sababu leo, popote ulipo duniani, unabonyeza kitufe kilichoandikwa 48V ili maiki ya kondensa ifufuke. Kwenye intafesi za chaneli nyingi angalia kitufe hicho kimegawanywaje. Mara nyingi kimoja kinawasha chaneli nne kwa mpigo. Maiki za dainamiki hazijali, lakini ukiwa na maiki ya riboni, yenye utepe mwembamba ndani, hasa ya zamani, na kebo yenye kasoro, unacheza na moto.

Na umeme huo unatoka wapi? Kanuni inaruhusu kila maiki kuvuta hadi miliampea 10. Maiki nane kwa volti 48 zinafika karibu wati 3.8. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa wati 2.5, na hapo bado hujalisha vigeuzi vya kuifanya sauti iwe namba, taa na hedifoni. Kwa hiyo ukiona intafesi ya maiki nane inayodai kujitosheleza kwa kebo hiyo moja, soma tena maandishi madogo. Inayokuja na adapta yake ya umeme si ya kizamani. Imepiga hesabu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuamini ni kwamba USB 2.0 yenyewe inatosha. Nilikuwa nikidhani chaneli nyingi zinahitaji tundu jipya zaidi. Chaneli moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 ni megabiti 1.15 kwa sekunde. 18 zinaingia, 20 zinatoka, jumla haifiki megabiti 45. USB 2.0 ina 480. Barabara ni pana. Kinachokwamisha kazi ni dereva wa gari.

Na neno hilo si utani tu, kwani programu inayoendesha intafesi ndiyo wanayoiita draiva, nami nimezikwa nayo mara moja. Zamani njia ya wakubwa ilikuwa FireWire, tundu jingine la kompyuta tofauti na USB. Intafesi ya MOTU 828, iliyotoka mwaka 2001, ndiyo iliyofungua njia hiyo kwa watu wa nyumbani, na kwa miaka kadhaa ukitaka chaneli nane unapita hapo. Nilipata moja ya aina hiyo, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliyokwisha kutumika, chuma kizito, sauti safi kabisa. Ikanifanyia kazi vizuri mpaka nilipobadilisha kompyuta. Kompyuta mpya haikuwa na tundu la FireWire. Nikatafuta kiunganishi, nikapata, nikachomeka, taa zikawaka. Draiva ilikuwa imeachwa miaka mingi nyuma, na mfumo mpya wa kompyuta ukagoma kuitambua. Mashine ile iko nami hadi leo, haina ubovu wowote, na haina mtu wa kuongea naye.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza sauti ya intafesi ikoje, naingia kwenye tovuti ya kampuni na kutafuta ukurasa wa draiva wa mashine yao ya miaka kumi iliyopita. Nikikuta imesasishwa karibuni, nakaa chini tuzungumze. Nikikuta ukurasa umekufa, najua na hii ya leo itazikwa wapi. RME, kampuni ya Ujerumani, imejijengea jina kwa jambo hili hasa la kutunza draiva za mashine zao za zamani, na nadhani nusu ya bei yao unalipia hilo. Njia nyingine ya kujikinga ni kuchagua intafesi inayofuata kanuni ya jumla ya USB, ile ambayo Mac na Linux huitambua bila kusakinisha chochote. Windows nayo ilipata draiva ya ndani ya kanuni hiyo mwaka 2017, ila kwa kurekodi utataka bado draiva ya ASIO ya kampuni yenyewe. Mfumo huo wa kampuni ya Steinberg unawezesha programu ya kurekodi kuongea na intafesi bila kupanga foleni pamoja na sauti nyingine zote za kompyuta.

Foleni hiyo ndiyo mzizi wa ugomvi wote wa kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inakusanya kwenye bafa, kikapu cha muda, kikijaa inakishughulikia. Kwa kilohezi 48, bafa ya sampuli 256 inachukua milisekunde 5.3; ya 1024 inachukua 21. Na sauti inapanga foleni mara mbili, ikiingia na ikitoka. Kwa bafa ya 1024 umefika milisekunde 43 kabla ya kuhesabu mengine. Sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kumwambia mpiga gitaa apige huku spika yake iko umbali wa mita 14 na zaidi. Jibu linaloonekana rahisi ni kupunguza bafa, hadi 64 ikibidi, lakini kompyuta yenye traki nyingi zilizopambwa itaanza kukohoa.

Hili nililijua vitabuni. Nilichokuwa sikijui ni jinsi linavyomuumiza mwimbaji kuliko wengine. Mpiga kinanda akicheleweshewa kidogo hujirekebisha. Mwimbaji anajisikia mara mbili: mara moja kupitia mifupa ya kichwa chake, papo hapo, na mara ya pili kwenye hedifoni, kwa kuchelewa. Sauti hizo mbili zikikaribiana zinakulana, anajisikia kama anaimba ndani ya kopo. Hatakwambia kuna milisekunde kadhaa. Atakwambia leo hajisikii vizuri, tufanye siku nyingine. Nilirekodi watu wawili hivyo na kuwalaumu moyoni kabla ya kujua kosa liko kwangu.

Dawa iko ndani ya intafesi nzuri za chaneli nyingi: miksa ndogo ya kidijitali inayochukua kinachoingia na kukirudisha kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta kabisa. Bafa inaweza kuwa 1024, mwimbaji hajui wala hajali. Na hapa ndipo nilipoielewa ile namba ya pili ya boksini, ya kutoka. Siku zote nilijiuliza matundu kumi ya kutolea sauti ni ya nini wakati nina spika mbili. Ni ya watu. Mpiga dramu anataka mlio wa metronomu umpasue masikio; mwimbaji anauchukia. Mpiga besi anataka dramu ya mguu na si kingine. Kila mtu na mchanganyiko wake, na kila mchanganyiko wa kushoto na kulia unakula matundu mawili. Watu wanne, matundu manane, na mawili ya spika zako: kumi zimekwisha. Bado utahitaji kikuzaji cha hedifoni, kwa sababu matundu hayo ya nyuma hayana nguvu ya kuzisukuma, na intafesi nyingi zina tundu moja au mawili tu ya hedifoni kwa mbele. Kama ningelazimika kuchagua kati ya priampu tamu zaidi na michanganyiko minne ya hedifoni, ningechukua hedifoni bila kusita. Wanamuziki wanaosikilizana hupiga vizuri, na hilo hakuna priampu inayoliongeza baadaye.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtu huifikiria: mbona nisichukue intafesi yangu ya matundu mawili, nikaazima nyingine ya mawili, nikapata nne? Kwenye Mac unaweza kuziunganisha zionekane kifaa kimoja. Kwenye Windows, programu za kurekodi kwa kawaida hushika draiva moja tu ya ASIO kwa wakati. Lakini tatizo la ndani zaidi ni saa. Kila intafesi ina fuwele yake ya kuhesabu sampuli, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawasawa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 kwa milioni, baada ya saa moja traki zimeachana kwa milisekunde 180. Kwa wimbo wa dakika tatu usingesikia sana. Kwa mkutano au tamasha zima, midomo na maneno vinaachana.

Saa hiyo hiyo ndiyo iliyonipata juzi juzi, nikiwa tayari najiona fundi. Nilikuwa nimeongeza boksi la priampu nane kwa kebo ya nuru, kama nilivyoeleza, na kwa mara ya kwanza dramu ikapata maiki zote nilizozitaka. Tukarekodi mchana kutwa. Usiku nikasikia tik. Baada ya sekunde kadhaa, tik nyingine. Nikabadilisha kebo, nikazima friji, nikachomoa chaja ya laptopu, nikalaumu bafa, nikalaumu umeme. Karibu na alfajiri nikafungua ukurasa wa mipangilio ya intafesi ambao sikuwahi kuugusa, nikaona mstari mmoja: chanzo cha saa, ndani. Mashine zote mbili zilikuwa zinajihesabia zenyewe, kila moja na fuwele yake. Nikageuza chanzo kiwe ADAT, ili intafesi ifuate hesabu ya boksi. Tik zikakoma pale pale.

Zilikoma kwa yatakayorekodiwa kuanzia hapo. Zilizokwisha kuingia kwenye traki zilikuwa zimeingia, nane kati ya traki zote, zile hasa za dramu. Nikampigia mpiga dramu, nikamwomba radhi, nikamwomba arudi. Alikuja kesho yake, yule yule wa siku ya miksa, akakaa kwenye kiti chake, akakaza sneya. Kabla sijabonyeza kitufe chekundu akaniuliza kama safari hii nimezihesabu traki.